Suruali pana fupi: tatizo ni pindo, si upana

Dada, umeuliza kwa nini suruali yako pana inayoishia katikati ya mguu inakufanya uonekane mfupi, na uvae nini juu yake kwenye joto hili. Upana usiulaumu bure. Pindo lako linakatia penye shavu la mguu, yaani pale palipo panene kuliko pote, kwa hiyo jicho linaona mguu umekatwa vipande viwili. Ifumue pindo uangalie kama kuna kitambaa kilichokunjwa ndani. Hata sentimita 3 au 4 zinasaidia. Lishuke hadi mguu unapoanza kuwa mwembamba, juu kidogo ya kifundo. Kama ndani hakuna kitu, mwambie fundi aipandishe hadi chini ya goti, yaishe.

Juu vaa kitu kifupi, au chomekea fulana kwa mbele tu. Blauzi ndefu inayofika mapajani itakufanya uwe kama hema, na mimi hilo nimelivaa, nikaja kujiona kwenye picha!

Kitambaa ndicho chenye raha yote. Kitani au pamba nyepesi hupitisha hewa, na ukitembea suruali inajipepea yenyewe. Polista inanata mapajani ukishatoka jasho. Kitani kitajikunja ukikaa dakika 5, kizoee tu.

Viatu: vya wazi, visivyo na mkanda wa kuzunguka kifundo. Mkanda huo unakata mguu mara ya pili.