Mnunuzi Anayekufuata: Maswali na Majibu kuhusu Ununuzi wa Kila Siku

Barua nilizozipokea safari hii zinahusu mambo ambayo wengi huyaona madogo: foleni, tarehe kwenye pakiti, nyama iliyoachwa mahali pasipo pake. Mimi siyaoni madogo, kwa kuwa kila anayetoka dukani huacha nyuma yake hali fulani ya bidhaa na ya mahali, na mtu mwingine huikuta hali hiyo bila kujua ni nani aliyeisababisha.

Swali: Nilipokaribia kaunta ya malipo niligundua kwamba fedha zangu hazitoshi, nikaiweka pakiti ya kuku aliyegandishwa kwenye rafu ya sabuni iliyokuwa karibu. Mume wangu amenilaumu sana. Je, kosa ni kubwa kiasi hicho, ilhali wapo wafanyakazi wa kurudisha bidhaa?

Mume wako ana hoja. Baridi ya friza haiwaui bakteria wote. Huwazuia tu kuzaliana, na nyama ikianza kuyeyuka huendelea pale walipoachia. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kanuni zake tano za usalama wa chakula za mwaka 2001, linaelekeza kwamba chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe chini ya nyuzijoto 5 za Selsiasi, na kwamba kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2. Mfanyakazi atakayeikuta pakiti yako katikati ya sabuni hana namna ya kujua kama imekaa hapo dakika 10 au saa 3. Akiwa mwangalifu ataitupa, na kuku mzima ambaye angelisha familia ataishia kwenye pipa la taka. Asipokuwa mwangalifu, au akiogopa kulaumiwa kwa hasara, ataishika, ataona bado ina ubaridi, na atairudisha kwenye friza, ambako mtu mwingine ataichukua akiamini kwamba haijawahi kutoka humo.

Anayeangalia kwa makini anaweza kuziona dalili za jambo hilo. Pakiti ya njegere zilizogandishwa vizuri ukiitikisa, punje huchezacheza ndani moja moja. Iliyoyeyuka kisha ikagandishwa upya huwa bonge moja gumu, na mara nyingi barafu hujikusanya upande mmoja wa mfuko. Ukiikuta ya namna hiyo usiinunue, na usiirudishe kimya kimya, mwonyeshe mfanyakazi.

Ulichotakiwa kufanya ni kumkabidhi keshia pakiti na kumwambia, "Hii naomba niiache, tafadhali." Najua kinachomzuia mtu kusema hivyo ni aibu ya kuonekana mbele ya watu kwamba fedha zimempungukia, na aibu hiyo naielewa. Hata hivyo, makeshia wamezoea kuyasikia maneno hayo, na keshia mwenye adabu atapokea pakiti bila kuuliza sababu. Siku nyingine, vitu vya friza viwe vya mwisho kuingia kikapuni, baada ya kukadiria gharama ya vingine vyote. Hivyo utapunguza uwezekano wa kuvirudisha, na muda wa kukaa nje ya baridi utakuwa mfupi hata kwa vile unavyovinunua.

Swali: Naona watu wakibonyeza kila parachichi kabla ya kuchagua moja. Nikisema neno, hunijibu kwamba mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Je, hawana haki hiyo?

Wanayo, na ni haki changa kuliko wengi wanavyodhani. Clarence Saunders alipofungua duka lake la Piggly Wiggly huko Memphis, Marekani, mwaka 1916, ilikuwa kawaida kwa mteja wa duka la vyakula kusimama mbele ya kaunta na kutaja anachotaka, na karani ndiye aliyekitoa rafuni. Saunders aliwaachia wateja wapite wenyewe kati ya rafu, wachague kwa mikono yao na kulipa wakitoka. Tangu mteja aliporuhusiwa kugusa bidhaa, kuzitunza kumekuwa wajibu wake pia.

Dole gumba likilizamisha ganda la parachichi, seli zilizo chini yake hupasuka, vimeng'enya vilivyomo hukutana na oksijeni, na sehemu hiyo hugeuka kahawia. Doa hilo halionekani papo hapo. Hujitokeza baadaye, tunda likiwa limekwisha kufika nyumbani kwa mtu mwingine. Ukitaka kujua kama limeiva, lilaze kiganjani na ulibane kidogo sana kwa kiganja kizima badala ya ncha ya kidole. Matunda mengine hujulikana kwa rangi, kwa uzito na kwa harufu iliyo karibu na kikonyo, na hayo hayahitaji kubonyezwa hata kidogo.

Swali: Mimi huingiza mkono hadi nyuma ya rafu ili nipate maziwa yenye tarehe ya mbali zaidi. Rafiki yangu anasema huo ni ubinafsi. Nani kati yetu yuko sahihi?

Inategemea utayanywa lini. Wauzaji huweka mbele bidhaa zilizotangulia kufika na nyuma zile zilizofika karibuni, ili za zamani zitoke kwanza. Kama maziwa yatakwisha jioni hiyohiyo, tarehe ya mbali haikuongezei chochote, na pakiti ya mbele uliyoiruka huenda ikatupwa. Chukua ya mbele. Kama unanunua mahitaji ya wiki nzima, chukua ya nyuma bila kuona haya, kisha uzirudishe katika mpangilio wake zile ulizozisogeza. Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi kwa siku fulani, nawe uko sahihi kwa siku nyingine.

Barua yako inanipa nafasi ya kueleza jambo ambalo wengi hulichanganya. Tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya kimataifa vya chakula na iliyoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) pamoja na WHO, hutofautisha aina mbili za tarehe. "Bora kabla ya" huhusu ubora, yaani ladha, harufu na umbile: biskuti iliyopitisha tarehe hiyo inaweza kupoteza ukavu wake na bado ikalika, mradi pakiti haijafunguka na imehifadhiwa vizuri. "Tumia kabla ya", au tarehe ya kuisha muda wa matumizi, huhusu usalama, na hapo hakuna mjadala, kwa sababu bakteria wengi waletao maradhi hawabadilishi harufu wala ladha ya chakula. Anayenusa nyama na kusema "bado nzuri" anapima uozo tu, na uozo na hatari ni mambo mawili tofauti. Kopo lililovimba nalo litupwe bila kuonjwa hata kama tarehe yake iko mbali, kwa kuwa uvimbe unaweza kuwa ni gesi ya bakteria waliomo ndani.

Kuzielewa tarehe hizi kuna uzito. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024, chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilifikia tani bilioni 1.05, na takribani asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Sehemu fulani ya chakula hicho hutupwa kwa sababu tu mtu ameona tarehe imepita na hakusoma maneno yaliyoandikwa kabla ya tarehe.

Swali: Je, kikapu kinaweza kumshikia mtu nafasi kwenye foleni wakati yeye yuko ndani akiendelea kununua?

Kwa kitu kimoja alichokisahau, na baada ya kumwomba aliye nyuma yake, ndiyo. Zamu yake ikifika kabla hajarudi, wengine wapite. Kikapu kilichotangulizwa foleni ili mwenyewe afanye ununuzi wake wote hakina haki yoyote, na unaweza kukipita kwa amani.

Niongeze jambo linalosahaulika. Mwenye kitu kimoja akikuomba umpishe, ruhusa unayoitoa haihusu muda wako peke yako. Wote walio nyuma yako watachelewa pia. Geuka, uwaulize kwa maneno mawili. Mara nyingi watakubali, na hakuna atakayejisikia amerukwa.

Swali: Nafika nyumbani saa 2 usiku, na baadhi ya siku nawapa watoto chakula cha pakiti cha kupasha moto. Wifi yangu husema mbele yao kwamba nawalisha sumu. Nimeanza kujiona mama mbaya. Nifanye nini?

Dada yangu, mama anayefika usiku na kuhakikisha watoto wamekula kabla ya kulala hastahili kuambiwa hivyo, na hasa si mbele ya watoto. Mwambie wifi yako, mkiwa wawili tu, kwamba shauri lake utalisikiliza, lakini neno hilo lisirudiwe mbele ya watoto.

Baada ya hapo tuichukue hofu yake kwa uzito, maana haina uongo wote. Si kila kilichofungwa kiwandani kiko katika kundi moja. Mfaransa Nicolas Appert alipotunukiwa faranga 12,000 na serikali ya nchi yake mwaka 1810, ilikuwa kwa kugundua kwamba chakula kilichofungwa vizuri ndani ya chupa na kuchemshwa hudumu bila kuharibika; maharage na samaki wa kopo wa leo hufuata kanuni hiyohiyo. Vyakula hivyo vya kopo, pamoja na mboga zilizogandishwa, ni vyakula vya haraka ambavyo sioni sababu ya mtu kujilaumu kwa kuvinunua. Kundi la kuangaliwa ni lile ambalo Profesa Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, waliliita vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi: vile ambavyo sehemu kubwa yake ni wanga, mafuta, sukari, rangi na viungo vya kutengenezwa, na ambavyo huwezi kukitambua ndani yake chakula cha asili. Mwaka 2019 Kevin Hall na watafiti wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 20 waliokaa katika kituo cha utafiti, wakala vyakula vya aina hiyo kwa wiki 2 na vyakula visivyosindikwa sana kwa wiki 2, wakiruhusiwa kula wapendavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku, ingawa sukari, mafuta na chumvi katika milo waliyoandaliwa vilikuwa vimelinganishwa.

Kwa hiyo isome lebo. Viambato huorodheshwa kuanzia chenye uzito mkubwa zaidi. Pakiti yenye picha ya kuku ambayo kuku anatajwa karibu na mwisho wa orodha ina kuku kidogo sana. Kisha tazama sodiamu, yaani madini yaliyomo ndani ya chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na watoto wapate pungufu ya hapo kulingana na mahitaji yao. Sodiamu hugeuzwa kuwa chumvi kwa kuzidisha mara 2.5. Tuseme lebo inaonyesha miligramu 800 za sodiamu kwa mlo mmoja: hizo ni gramu 2 za chumvi. Lakini angalia pembeni, kwenye maandishi madogo, kama pakiti imehesabiwa kuwa milo miwili. Ikiwa mtoto anaimaliza yote, amekula gramu 4. Mahali hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, na kwa maoni yangu watengenezaji wangepaswa kuandika jumla ya pakiti nzima kwa herufi zinazosomeka.

Chakula cha pakiti kikiwa na kifuko cha viungo, tia nusu yake, kwa kuwa mara nyingi chumvi nyingi imo humo. Ongeza mboga zilizogandishwa, ambazo huiva kwa dakika chache, na yai au maharage ya kopo yaliyosuuzwa. Ukipasha moto kwa maikrowevu, simamisha katikati ukoroge, kwa sababu joto lake haliingii sawasawa, na hakikisha chakula chote, mpaka katikati, kimefika nyuzijoto 70 au kinatoa mvuke. Na kama wifi yako ana nafasi mwishoni mwa wiki, mwombe mpike pamoja chungu kimoja kikubwa na mkigawe katika vyombo vya kugandisha. Huenda akafurahi kuombwa.

Swali: Mtoto akilia dukani, ni vibaya kumfungulia biskuti kabla ya kulipa?

Kitu si chako mpaka ukilipie, kwa hiyo ni bora uombe ruhusa kwanza, na kile kinachouzwa kwa uzito kisiliwe kabisa, kwa kuwa hakiwezi kupimwa tena. Ukiruhusiwa, mpe keshia ile karatasi tupu ailipishe kabla ya vingine vyote, usije ukaisahau.

Swali: Natoka dukani na njaa, na safari ya basi ni ndefu. Je, naweza kula ndani ya basi?

Kama kanuni za basi zinakataza, subiri. Kama hazikatazi, chagua chakula kikavu, kisicho na harufu kali wala mchuzi, kwa kuwa jirani yako hawezi kufungua mlango na kuondoka, na huenda ana kichefuchefu au amefunga. Maganda na mifuko shuka navyo.

Swali: Keshia mmoja alikataa kunihudumia hadi nimalize kuzungumza kwenye simu. Nilijisikia kudharauliwa. Je, hakunikosea?

Angeweza kulisema jambo hilo kwa namna ya upole zaidi, na kama alikukemea mbele ya watu, alikosea katika hilo. Katika kukuomba umalize mazungumzo hakukosea. Keshia anahitaji kukuuliza kama utalipa kwa fedha taslimu au kwa simu, kama unataka mfuko, na kama bei aliyoisoma ndiyo uliyoiona rafuni. Usipomsikia, hurudia mara mbili na mara tatu huku foleni ikirefuka, na mkitofautiana kuhusu chenji, yeye ndiye atakayetakiwa kufidia upungufu. Zamu yako inapokaribia, mwambie unayezungumza naye kwamba utampigia ukishatoka.