Maswali ya wasomaji: kushusha matawi kwa kamba

SWALI: Mti wetu una matawi mawili makubwa juu ya paa. La kwanza tulilifunga kamba karibu na shina, tukaipitisha kwenye tawi la juu yake, tukakata. Kitako kilibaki kinaning'inia lakini ncha ilishuka ikatoboa bati. Kamba haikukatika. Tulikosea wapi kabla hatujagusa la pili?

JIBU: Mlikosea mahali pa kufunga. Tawi likishaachana na shina, upande mzito ndio unaotangulia kushuka. Mkilifunga kitakoni, karibu uzito wote unabaki nje ya fundo, na ncha haina budi kuanguka. Kwa tawi lililo juu ya paa, fundo lisogezwe kupita kitovu cha uzito, upande wa ncha, ili kitako kishuke kando ya shina na majani yabaki juu. Kitovu hicho si lazima kiwe katikati ya urefu: tawi linalojigawa vitawi vingi mwishoni huwa nacho mbele zaidi. Mkiwa na shaka, tumieni kamba mbili, moja kitakoni na moja kuelekea ncha, kila moja na mshikaji wake.

Kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, nalo litungikwe juu ya fundo, wima kadiri mti unavyoruhusu. Likiwa pembeni, tawi litabembea hadi chini ya kapi, na njiani linaweza kumkuta mkataji. Ongezeni kamba ya kuongozea, iliyofungwa kitakoni na kuvutwa na mtu aliye mbali, upande ulio kinyume na ukuta au dirisha mnalolihofia.

Jambo linalosahaulika ni mzigo wa kapi lenyewe. Tawi la kilo 80 likining'inia upande mmoja, upande wa pili kamba inavutwa kwa nguvu karibu sawa na hiyo, hivyo kapi linabeba takriban kilo 160. Tawi linalolibeba lazima liwe hai, nene, lisilo na ufa wala uozo, na kapi likae karibu na shina, si huko nje linakojikunja.

Kabla ya kukata, kazeni kamba mpaka tawi linyanyuke kidogo. Kateni chini kwanza, robo ya unene, sentimita 30 hivi kutoka shinani. Kisha kateni juu, sentimita chache mbele ya mkato wa chini. Mkianza juu, tawi litachanika na kung'oa gamba hadi shinani. Kisiki kinachobaki hukatwa mwisho, nje ya uvimbe ulioko shingoni mwa tawi. Msiukate uvimbe huo, ndio unaofunika jeraha.

SWALI: Mshika kamba wetu aliungua viganja kwa kamba ya tawi ambalo halikuwa kubwa. Tuongeze watu wa kushika?

JIBU: Ongezeni msuguano. Pitisheni kamba chini ya mti na kuizungusha shinani: mzunguko mmoja kwa tawi jepesi, miwili au mitatu kwa zito. Kila mzunguko hupunguza sana nguvu inayofika mkononi. Jaribuni kwanza kwa kipande kidogo, maana mizunguko ikizidi kamba hukwama, na mshika kamba akishindwa kuiachia, tawi husimama ghafla na kuubetua mti wote pamoja na aliye juu yake. Kazi yake ni kuiacha kamba ikimbie, kisha kuibana taratibu. Avae glavu za ngozi, asisimame chini ya mzigo, na kamwe asijizungushie kamba mkononi wala kuweka mguu ndani ya mikunjo yake.

SWALI: Matawi yote yameisha, limebaki shina. Juu hakuna pa kutungika kapi. Tulifunge chini ya mkato?

JIBU: Hufanyika, lakini hapo ndipo vifaa huvunjika. Gogo huanguka kwanza, likapita kapi, ndipo kamba ilidake, na nguvu ya mshtuko huo huwa mara kadhaa ya uzito wake. Gogo bichi la unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 1 lina kilo kama 70. La sentimita 60, urefu uleule, ni mara nne yake. Kama chini kuna nafasi, kateni vipande vifupi mvitupe bila kamba. Kama hakuna nafasi na hamjawahi kazi hiyo, mpeni fundi mwenye vifaa vyake.

SWALI: Kamba ya kuvutia gari inafaa?

JIBU: Hapana. Tafuteni kamba ya poliesta ya kushushia miti, isiyonyumbuka sana, iliyoandikwa nguvu yake ya kukatika. Gawanyeni namba hiyo kwa 10: ya kilo 3,000 ichukulieni kuwa ya kilo 300. Akiba hiyo italiwa na mafundo, ambayo hudhoofisha kamba, na mishtuko. Kwenye tawi tumieni kitanzi cha kujikaza, kikitanguliwa na pindo moja upande ambao kamba inavutwa, ili mzigo ugawanyike sehemu mbili. Ikishawahi kudaka gogo kwa kishindo, au ikiwa na sehemu ngumu iliyoyeyuka kwa joto la msuguano, msishushie tena matawi, ifungieni mizigo ya kawaida.