Muulize Fundi: Elfu kumi na nane, au ya mkato?

SWALI: Assalamu alaikum, Fundi. Nina kompyuta ya mezani ya HP iliyokuwa ya ofisi, Core i5 kizazi cha sita, RAM 4GB. Naandikia mitihani ya madrasa, ya Kiswahili na ya Kiarabu, na wanangu hufanyia kazi za shule. Windows 10 yake yasema muda umekwisha. Fundi wa mtaani ataka elfu kumi na nane kwa Windows 11 ya halali, au aniwekee ya mkato kwa elfu moja na mia tano. Nichukue ipi?
Mwalimu wa madrasa, Likoni

JIBU: Waalaikum salaam, mwalimu. Usichukue yoyote.

Hiyo ya elfu kumi na nane ni hasara tupu. Kwa mashine za Intel, Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha nane, na yako ni ya sita. Ya mkato nayo, fundi huanza kwa kukuzimia kinga ya virusi ili ipite. Hapo ushajua wewe. Windows 10 yenyewe haijafa, ila tangu 14 Oktoba 2025 matundu yake hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida.

Weka Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce. Ni bure, ni nyepesi, na LibreOffice ya kuandikia na Firefox ya intaneti zimo ndani.

Najua wasiwasi wako ni Kiarabu. Nilimwekea shemeji yangu wa Majengo, naye ni mwalimu kama wewe. Akafungua mtihani wa Fiqhi: fat-ha zimepanda juu ya herufi, swali la mwisho limerukia ukurasa wa pili. Kumbe fonti aliyozoea ni ya Windows, na pale haikuwamo, ikabandikwa nyengine. Tukashusha Amiri, fonti ya bure, irabu zikarudi mahali pake. Ukurasa tuliupanga upya kwa mkono, na hilo lilituchukua jioni nzima. Wewe ongeza Kiarabu kwenye mipangilio ya kibodi, kisha kwenye mipangilio ya lugha ya LibreOffice washa sehemu ya maandishi changamano. Ukitaka mstari uanzie kulia, bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya kulia. Na ukipeleka saiba kuchapisha, peleka PDF.

Ijaribu kwanza bila kuisakinisha. Mwambie kijana yeyote anayejua akuandikie Mint kwenye fleshi ya 8GB kwa programu ya Rufus, uichomeke, uwashe huku ukigonga F9. Jaribu intaneti, sauti na hasa printa, maana printa nyengine ndogo za leza ni jeuri. Ikigoma, zima uchomoe fleshi. Windows yako iko pale pale.

Ukiridhika, nakili mitihani yako nje kabla ya kusakinisha. Mimi niliwahi kuchagua diski siyo, picha za harusi ya dada yangu zikaenda. Kila Idi akinipakulia pilau hunikumbusha.

Pesa utakayookoa nunua SSD, yaani diski ya kasi, ya 240GB, hapo ndipo utaona mbio, na RAM nyengine ya 4GB. Chomoa ile ya zamani uende nayo dukani wakufananishie. Ukiona meno yake yamefifia, yasugue taratibu kwa raba ya penseli kabla ya kuirudisha. Hewa ya chumvi ya Likoni haina huruma na shaba.