Maswali kwa fundi: meza ya kukunja ndani ya vani

Siku hizi Mombasa watu wanang'oa viti vya Hiace kuukuu na kuzigeuza magari ya kulala, na maswali ya meza yamezidi. Nayajibu haya kwanza.

Nataka meza ya kulia ndani ya vani, tena niitoe nje tukifika Diani. Nianze na mbao gani? (Msomaji, Kisauni)

Kaka, mbao baadaye. Tafuta kwanza katoni ya friji, ikate kwa ukubwa unaoudhania, kisha keti hasa pale utakapokaa na mtu akushikilie ile katoni mbele yako. Weka sahani, kunja kiwiko, jaribu kuinuka. Magoti yakigonga, pandisha. Mabega yakikupanda, shusha. Kwa kawaida uso wa meza hukaa sentimita 28 hadi 30 juu ya kiti, na kila mlaji hutaka kama sentimita 60 za upana. Ukuta wa vani nao haujanyooka, una tumbo. Isukume katoni hadi iguse, pitisha penseli ukilifuata lile tumbo, kata, rudia. Ikikaa sawa ndiyo unayompelekea fundi. Fundi anayekutajia bei hata gari hajaliona, mshukuru uende kwa mwingine.

Baba ameniachia mbao za mvule. Zafaa? (Msomaji, Likoni)

Zafaa kwa mlango, dada. Ubao wa mvule uliorandwa hubaki na unene wa milimita 20 na ushei, na meza ya sentimita 60 kwa 90 itakaribia kilo 8. Ukubwa huohuo kwa plaiwudi ya milimita 12 ni kama kilo 4, na wewe ndiye utakayeibeba mchangani. Chukua plaiwudi ya marini, gundi yake yahimili maji. Ila kingo zake hunywa maji kama kawaida, kwa hiyo zipake vanishi mara tatu nne, ukipitisha msasa laini kila tabaka likikauka. Usifanye kazi hiyo Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, vanishi itakunata vidoleni. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, usiiguse kabisa. Ikilowa huumuka kama andazi. Bao zima la futi 8 kwa 4 hutoa meza tano za kipimo hicho, basi tafuta wenzio mgawane.

Bawaba nilizouziwa kuwa ni za shaba zimeshika kutu. Vipi tena? (Msomaji, Bamburi)

Uliuziwa chuma kilichopakwa rangi. Nenda dukani na sumaku: shaba haishikwi na sumaku. Kwa upepo wetu wa chumvi mimi napendelea stenlesi, yaani chuma cha pua kisichoshika kutu kwa urahisi, na ukipata ya namba 316 ni bora kuliko 304. Miguu ikiwa ya alumini, tenganisha skrubu na alumini kwa washa ya plastiki (kile kiduara chenye tundu), maana metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi, alumini huliwa.

Nataka kuweka juu yake mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wenye jiko juu. (Msomaji, Mtwapa)

Hapana, bwana. Ule mtungi wenyewe ni mrefu, na sufuria juu yake ndiyo kabisa. Juu ya meza nyepesi, mtoto akigusa mguu mmoja tu, mchuzi wa moto umemwagikia watu. Uweke chini, nje, penye ardhi ya sawa. Meza itumie kukatia vitunguu. Na hata mvua inyeshe vipi, msipikie ndani milango ikiwa imefungwa: moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Hili silifanyii mzaha.

Mchangani inatingika. (Msomaji, Nyali)

Tumia miguu mitatu, haitingiki hata ardhi ikiwa na mabonde. Chini ya kila mguu funga kibao kipana cha kama sentimita 10 usizame.

Naweza kuiacha imesimama tukisafiri? (Msomaji, Changamwe)

Ikunje, ilaze nyuma ya kiti, uifunge kwa mkanda wenye bizimu. Breki ya ghafla huirusha mbele hadi kwenye shingo ya dereva. Hata safari ni ya kuvuka feri tu, funga: maji yakiwa yamekupwa mteremko wa pale Likoni huwa mkali.

Je, usiku iwe kitanda? (Msomaji, Jomvu)

Yawezekana, lakini hiyo ni kazi nyingine. Tumia plaiwudi ya milimita 18, na pigilia papi (vipande vyembamba vya mbao) kwenye ubavu wa viti vya pande zote mbili ili kingo za meza zilale juu yake. Uzito wa watu wawili ubebwe na papi hizo, si mguu wa meza. Kabla ya kutoboa sakafu kwa ajili ya mguu, ingia chini ya gari uone tangi la mafuta na mabomba ya breki yamepita wapi. Tundu likishatobolewa, lipake rangi ya kuzuia kutu, kisha uzibe kwa silikoni.