Maji Yanapoanza Kushuka Hale

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Kwenu samaki wa maji baridi huvuliwa zaidi miezi gani, na mnatumia mbinu gani?" Ninaishi Muheza, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikivua kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani katika Mto Pangani kati ya Korogwe na Hale, katika bwawa dogo lililo juu ya kituo cha umeme cha Hale, na katika malambo ya zamani yaliyobaki kwenye mashamba ya mkonge. Ukimuuliza mtu yeyote wa huku swali hilo, atakujibu bila kufikiri kwamba samaki hupatikana masika yakiisha. Jibu hilo si la uongo, lakini limefupishwa mno hata halimsaidii mtu anayetaka kwenda kuvua kesho asubuhi, kwa sababu kuna miaka masika huisha Mei na kuna miaka huendelea hadi katikati ya Juni, na samaki hajui jina la mwezi. Anachofuata ni maji: kama yanapanda, yamesimama, au yanashuka.

Mjomba wangu, ambaye siku sita za juma alikata mkonge na siku ya saba alivua, alikuwa na kijiti alichokichomeka ukingoni mahali pasipo na mkondo, akakitia alama kwa kisu kila upana wa kidole, kisha akawa anakipitia kila alfajiri akienda kazini. Maji yakipanda, hakuhangaika kwenda, isipokuwa usiku kwa ajili ya kambale. Yakisimama, alianza kutengeneza vyombo vyake. Yakishuka kidole kimoja au viwili kwa siku, siku tatu mfululizo, alikwenda, na mara chache sana alirudi mikono mitupu. Nilipokuwa kijana nilimcheka kimoyomoyo, nikidhani ni mambo ya wazee tu. Leo kijiti changu ni kipande cha bomba la plastiki, lakini alama ni zile zile.

Sababu yake si ngumu kuielewa mtu akikaa ukingoni kwa mwaka mzima. Mto Luengera, unaopita katika bonde lililo kati ya Usambara Mashariki na Usambara Magharibi na kuingia Pangani upande wa Korogwe, hufurika wakati wa masika, nyasi za mabondeni huzama, na samaki huingia humo kula wadudu, mbegu na minyoo iliyofukuzwa ardhini na maji. Kwa kuwa chakula kipo kila mahali, chambo chako hakina mvuto wowote. Tena maji yamejaa udongo mwekundu, na perege, ambaye hutegemea sana macho yake, hakioni. Maji yanapoanza kurudi, samaki nao hulazimika kurudi, na njia zao ni chache: vijito, mifereji na mikondo midogo inayomwaga maji mtoni au bwawani. Hapo mvuvi hana haja ya kulihangaikia bwawa zima. Hukaa kando ya mdomo wa mfereji, akatafuta mstari ambapo maji ya udongo yanakutana na maji yaliyotulia, na kutupa mshipi wake wa kuvulia kwenye mpaka wa rangi hizo mbili, upande wa maji safi.

Hata hivyo, bwawa la Hale lina jambo lake ambalo linaweza kukifanya kijiti kimdanganye mtu. Kituo hicho, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964, na bwawa lake si la kuhifadhi maji ya mwaka mzima kama lilivyo lile la Nyumba ya Mungu huko juu, ambako mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana. Kwa sababu hiyo, maji ya Hale yanaweza kupanda na kushuka siku hiyo hiyo moja kwa kufuata mitambo inavyofanya kazi, na wakati wa kiangazi kiasi kinachotufikia huku chini hutegemea pia kiasi kinachofunguliwa Nyumba ya Mungu. Mgeni anayeona ukingo umebaki na tope bichi saa nne asubuhi hudhani kwamba msimu wa kushuka umeanza, kumbe ifikapo jioni maji yatakuwa yamerudi pale pale. Dawa yake ni kusoma kijiti wakati ule ule kila siku, nami huchagua alfajiri. Kwenye malambo, ambayo hayana mitambo, tabu hiyo haipo. Tena mtu asisogelee kabisa lango la kuingizia maji kituoni, hata kama perege wanaruka hapo mbele ya macho yake.

Wenzetu wa mjini Tanga waliozoea bahari huja huku na hesabu zao za bamvua na maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana na siku inapojaa na kupwa kidogo. Hesabu hizo zina maana kubwa kule Pangani mjini, mto unapokutana na bahari, lakini maporomoko yaliyo chini ya Hale hayapandwi na maji ya bahari, na kwa hiyo mwezi kwetu una kazi moja tu, nayo ni mwanga. Usiku wa giza wavu hauonwi na samaki, na usiku wa mbalamwezi huonwa. Zaidi ya hapo sijaona tofauti.

Sasa nije kwenye miezi yenyewe, na nianze na kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, kwa sababu ndio wakati ninaoupenda na ndio unaohitaji ustadi. Mwanzoni mwake maji bado yanashuka na kazi ni rahisi. Kuanzia Julai maji huwa yametulia na kung'aa, usiku huwa wa baridi, na perege huwa mzito. Hukaa kwenye kina, hali kwa pupa, na humwona mtu kabla mtu hajamwona yeye. Hapo ile desturi ya kuamka alfajiri haina faida kubwa. Mimi hufika saa tatu, jua likiwa limeanza kuyapasha maji ya kando, na huvua hadi kama saa tisa alasiri. Perege hula mwani na vijidudu vinavyoota juu ya mawe, magogo na mashina yaliyozama, na mwani huota penye jua. Kwa hiyo natafuta ukingo unaopigwa na jua la asubuhi, wenye mti ulioanguka majini, nami nakaa kwa namna ambayo kivuli changu hakifiki majini.

Vyombo vya perege ni vyepesi. Ufito wa mwanzi wenye urefu wa kama mita tatu, mshipi mwembamba, ndoana ndogo, chubwi, yaani kizito cha kuzamisha ndoana, isiyozidi punje ya mtama, na chelezo, yaani kielea cha mshipi, kilichokatwa kwenye mlingoti wa mkonge uliokauka, ambao ni mwepesi ajabu na huku kwetu unapatikana bure. Chambo ninachokiamini ni nyungunyungu, yaani mnyoo wa ardhini, aliyekatwa vipande vidogo, na asipopatikana ni sima ya dona iliyokandwa hadi ikanata, ukubwa wa punje ya mahindi na si zaidi. Kosa la wanaojifunza ni kutia donge kubwa wakitumaini samaki mkubwa. Mdomo wa perege ni mdogo, naye hadaki chambo. Hukivuta ndani pamoja na maji, akakionja na kukitema kama hakimpendezi. Ndiyo maana chelezo hakizami ghafla, bali huegama kidogo au husogea kando polepole, na hapo ndipo pa kuinua ufito, kwa kiwiko bila nguvu ya bega. Kabla ya kuanza huwa natupa konzi mbili za pumba zilizoloweshwa, kisha nasubiri nusu saa. Zaidi ya konzi mbili ni kuwalisha samaki wakashiba.

Kuhusu masika yenyewe sina mengi ya kusema. Machi hadi Mei mto ni mchafu na una nguvu, magogo hupita, na mamba husogea karibu na makazi ya watu kuliko kawaida. Asiyelazimika kuvua apumzike.

Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kinachowadanganya watu wengi zaidi. Malambo hupungua, maji hupata joto, na alfajiri utawaona perege wamejaa juu, midomo nje, wakivuta maji ya juu kabisa. Watu hufurahi na kusema samaki ni wengi. Ukweli ni kwamba wanakosa hewa: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na usiku mimea ya majini, badala ya kuitoa, huitumia pia. Samaki aliye katika hali hiyo hana hamu ya kula, na unaweza kumgusa kwa chambo usoni asifungue mdomo. Wakati huo natafuta mahali ambapo kijito bado kinaingia, au upande wa bwawa unaopigwa na mawimbi ya kaskazi, kwa sababu upepo huyachanganya maji na hewa na kusukuma chakula kuelekea ukingo huo. Zamani vidimbwi vya kiangazi vilivuliwa kwa utupa, mmea wenye sumu kwa samaki. Majani yalipondwa, yakatiwa majini, na samaki wote wakaelea, wakubwa kwa vifaranga. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na hata isingekataza, lambo lililotiwa utupa leo halina kitu cha kuvua masika yajayo.

Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni msimu wa kambale. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha na maji yakaanza kuingia kwenye nyasi, kambale hutoka kwenye kina usiku na kwenda kutaga katika maji ya kina kifupi, wakati mwingine mgongo ukiwa nje. Ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, na kwa hiyo tope na maji machafu havimsumbui. Huwinda kwa sharubu na kwa harufu. Chambo chake kiwe na harufu kali, kama utumbo wa kuku, na wako wanaotumia kipande cha sabuni ya mche, nami nimeona kwa macho yangu kinafanya kazi. Ndoana iwe kubwa na mshipi uwe mnene, ulale chini kabisa. Mshike nyuma ya kichwa, kwa maana mapezi yake ya ubavuni yana miiba ambayo jeraha lake huuma usiku kucha. Wengi hutega migono, yaani mitego ya kusukwa, kwenye midomo ya mifereji usiku ule ule wa kwanza na kujaza ndoo. Mimi siku hizi nasubiri siku nne au tano, kwa sababu majike wa usiku wa kwanza wamejaa mayai, na sijaona utamu wa kitoweo unaostahili gharama hiyo. Jirani zangu hawakubaliani nami, nasi tumekuwa tukibishana juu ya hili tangu zamani.

Vuli hiyo hiyo ilinifunza pia kuogopa maji yanayopanda. Mwaka 2019 mvua za Oktoba zilikuwa kubwa sana mkoani kwetu, nami kwa tamaa nilitega wavu mpya kukatisha kijito jioni, maji yakiwa bado yanapanda na kijiti kikionyesha hivyo wazi. Asubuhi nilikuta kamba moja imefungwa mtini na upande wa pili hakuna kitu. Mpwa wangu aliupata wavu huo baada ya siku tisa, umeviringika kwenye gogo pamoja na mabua ya mahindi, nasi tuliokoa vyelezo tu.

Liko jambo moja ambalo majibu ya wavuvi huliacha, nalo ni kichocho. Malambo yetu yana konokono wanaobeba vimelea vyake, hasa penye magugu na maji yaliyosimama, na vimelea hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa juu, kuelekea adhuhuri. Hizo ndizo saa nilizozisifu kwa perege wa kipupwe. Kwa hiyo mimi huvua nikiwa juu ya ukingo au ndani ya mtumbwi, na sitii mguu majini hata ndoana ikinasa kwenye mzizi. Huwa naukata mshipi.

Nimalizie na samaki mwenyewe. Mwaka 1955 mwanasayansi wa Kiingereza, Rosemary Lowe, aliwaeleza kitaalamu perege wa bonde letu, na mmoja wao akapewa jina la mji wa Korogwe, mwingine jina la Mto Pangani. Siku hizi kwenye ndoo yangu huingia pia sato, ambaye asili yake si mto huu, bali aliletwa kwa ajili ya kufugwa. Sato hukua haraka na huzaliana na perege wa asili, hata wakati mwingine nashindwa kusema niliyemshika ni nani. Anayefuga sato huku kwetu na aweke wavu mzuri kwenye bomba lake la kutolea maji kabla masika hayajafika.

Ninapoandika haya ni wiki ya pili ya Juni. Tangu Ijumaa kijiti changu kwenye lambo kimeonyesha kushuka kwa vidole viwili, kisha kimoja, kisha viwili tena, na maji ya mdomo wa mfereji yameanza kuonyesha mchanga wa chini. Mpwa wangu ameshachimba nyungunyungu nyuma ya zizi, nami nimebakiwa na kazi ya kukata chelezo kipya.

Msomaji wenu, Muheza, Tanga