Kindle au tableti kwa mtoto wa miaka 9?
Dada wa Uyole uliyeuliza, mnunulie Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu, tableti iache kwanza. Kioo chake cha wino wa kielektroniki kinaonekana kama karatasi, anasoma hata juani barazani, na chaji inakaa wiki kadhaa. Umeme ukikatika mvua za Machi, yeye hana habari. Wangu yuko darasa la 4. Kwenye tableti kila mara aliishia kwenye gemu, sasa baridi ya Juni namkuta kajifunika blanketi gubigubi, anasoma. Hadithi za Kiswahili pakua bure kwenye tovuti ya African Storybook, chukua za EPUB, aina ya faili ambayo herufi zake unaweza kuzikuza. Za PDF herufi zinakuwa ndogo mno. Ila kama bado anapenda picha za rangi, Kindle ya kawaida ni nyeusi na nyeupe tu, huyo mnunulie vitabu vya karatasi kwanza.