Jiko la biogesi likigoma, kagua kwanza unachokilisha mtambo

Msomaji mmoja ameniandikia kuwa mtambo wake wa biogesi ulikuwa unapika vizuri kwa samadi ya ng'ombe, mpaka alipoanza kuumiminia mabaki ya jikoni ili gesi iongezeke. Sasa mfuko wa gesi umevimba, lakini jiko haliwaki: ukisogeza kiberiti, gesi inakizima. Tope linalotoka linanuka kama siki.

Dalili hizo zinatosha. Mtambo umevimbiwa, tope limejaa asidi. Ndani yake kuna vijidudu wa makundi mawili wanaopokezana kazi. Kundi la kwanza huvunja mabaki na kutoa asidi. La pili huzigeuza asidi hizo kuwa methani, ambayo ndiyo inayowaka. La kwanza huzaliana upesi, la pili taratibu sana. Ukimwaga ndoo nzima ya vyakula vya wanga na maganda ya matunda kwa mkupuo, asidi hurundikana na kulidhoofisha kundi la pili. Gesi bado inatoka, ila sehemu kubwa ni kaboni dayoksaidi, nayo haiwaki.

Tiba yake ni kuacha kulisha kabisa. Kupunguza hakutoshi. Pima tope kwa karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi: mtambo wenye afya husoma kati ya 6.8 na 7.5, na chini ya 6.5 umeelemewa. Ukipata ndoo mbili tatu za tope kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi, mimina, kwa sababu hao ni vijidudu walio tayari. Usikimbilie chokaa. Ikizidi hunyonya kaboni dayoksaidi iliyomo, shinikizo likashuka ghafla na mtambo ukavuta hewa kutoka nje. Pima kila siku. pH ikirudi 6.8 na moto ukashika, anza kulisha kwa robo ya kiasi cha awali, kisha ongeza kidogo kila wiki.

Kiasi cha kulisha hakikisiwi. Chukua ujazo wa tope ndani ya mtambo, ugawe kwa siku ambazo samadi inapaswa kukaa humo. Kwenye joto la kawaida la nyuzi 25 hadi 30, hesabu siku 40. Mtambo wenye lita 4,000 za tope unapokea basi lita 100 kwa siku, yaani kilo 50 hivi za samadi mbichi na maji kiasi hicho hicho. Kilo moja ya samadi ya ng'ombe hutoa takriban lita 30 hadi 40 za gesi, na jiko dogo la nyumbani hula lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo hapo unapata saa tano hivi za kupika. Mabaki ya jikoni yana nguvu zaidi, na ndiyo maana hayataki pupa: kilo 2 au 3 kwa siku kwa kila lita 1,000 za tope, yakiwa yamekatwakatwa na kukorogwa na maji. Maji ya sabuni, dawa za kuua vijidudu na samadi ya mnyama aliye kwenye antibiotiki visiingie humo hata kidogo.

Moto ukiwa unarukaruka, huo si ugonjwa wa tope. Maji yamekaa kwenye bomba. Fungua koki ya kuyatoa, ambayo lazima iwe sehemu ya chini kabisa ya bomba. Moto wa njano unadai hewa zaidi kwenye jiko. Uvujaji utafute kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na mtu asiingie ndani ya mtambo kwa sababu yoyote: gesi ya humo huua kwa pumzi chache.

Sasa tope linalotoka. Inauma kuona watu wakilimwaga mtaroni wakati nitrojeni ya samadi karibu yote bado imo. Likiachwa juani, nitrojeni hiyo hupotea hewani kama amonia. Lifunike, litumie mapema, limimine kwenye mfereji kando ya mimea na kufukia papo hapo.

Linalobaki peleka kwenye lundo la mboji. Vitu vikavu kama mabua na majani makavu havifai mtamboni, huelea na kufanya utando mgumu, lakini lundo linavihitaji. Panga ndoo 2 hadi 3 za vikavu kwa ndoo 1 ya vibichi, lowesha kwa tope, na lundo lisipungue mita 1 kila upande. Dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Fumbata konzi ukamue: matone mawili matatu ni sawa, maji yakichuruzika ongeza vikavu. Chomeka fimbo ya chuma katikati. Baada ya siku chache inatakiwa itoke ya moto kiasi cha kutoshikika kwa muda, nyuzi 55 hadi 65. Ikipoa, pindua lundo. Harufu ya amonia inamaanisha vibichi vimezidi. Ya yai bovu, hewa haipiti.

Mabua yakitoka shamba lililopuliziwa dawa ya magugu, panda kwanza maharagwe kwenye kopo la mboji hiyo na kopo lingine la udongo mtupu. Dawa kama aminopyralid hustahimili joto la lundo na tumbo la ng'ombe pia. Majani machanga yakijikunja kwenye kopo la mboji peke yake, usiipeleke kwenye nyanya wala jamii ya kunde.